Ngoma ya farasi ya Dubov na Nepo: kosa lilikuwa sare, au kosa lilikuwa kucheka?

KeteSitini (Busia, upande wa Uganda)

Heshima kwenu wakuu. Najua humu ndani nyuzi za mpira na siasa ndizo zinazojaa, ila sisi wa sataranji nasi tuna kona yetu, basi tuvumiliane.

Juzi hapa mpakani palikuwa na mashindano madogo ya blitzi, dakika tatu kila mtu na sekunde mbili za nyongeza kwa kila hatua. Raundi ya mwisho vijana wawili waliokuwa wakiongoza wakakutana. Wakasukuma askari wawili watatu, wakatazamana, wakapeana mikono. Sare. Bahasha wakagawana nusu kwa nusu. Watu waliokuwa wamesimama tangu asubuhi wakazomea, na mwandaaji akataka kuwapa sifuri wote wawili. Hoja yake: "Hata Dubov na Nepo walipewa sifuri Samarkand." Tukabishana mpaka wauza chapati wakafunga.

Mimi nasema mfano wa Samarkand unatumiwa vibaya, na nitaeleza kwa nini.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Desemba 2023, Samarkand, Uzbekistan, ubingwa wa dunia wa blitzi. Wanakutana grandimasta (cheo cha juu kabisa cha sataranji) wawili wa Urusi, Daniil Dubov na Ian Nepomniachtchi, yaani Nepo. Hawa si watoto. Dubov alikuwa bingwa wa dunia wa rapidi (michezo ya haraka, ila yenye muda mrefu kuliko blitzi) 2018. Nepo amecheza fainali ya taji kubwa mara mbili, 2021 dhidi ya Magnus Carlsen kule Dubai na 2023 dhidi ya Ding Liren kule Astana. Wanafahamiana vizuri, ingawa hiyo 2021 Dubov alikuwa kambi ya Carlsen akimsaidia kumwandalia Nepo mitego. Dunia ya sataranji ni ndogo kama kijiji.

Mchezo unaanza. Mweupe anatoa farasi, mraba wa f3. Mweusi naye, f6. Mweupe anampeleka farasi yuleyule d4. Mweusi d5. Mweupe b3. Mweusi b6. Kisha farasi wa pili nao wakaingia uwanjani. Hakuna askari aliyeguswa, hakuna askofu aliyetoka, ni farasi tu wanazunguka kama wachezaji wa ngoma, huyu akienda kulia na mwenzake anamfuata kama kivuli kwenye kioo. Hazikufika hatua 15, wakakubaliana sare na kuondoka na nyuso za watu waliotoka kuchekeshana.

Mwamuzi mkuu hakucheka. Akafuta ile sare na kuandika 0-0. Mashindano yakaendelea, raundi 21 zikaisha. Carlsen pointi 16, bingwa. Dubov 15.5, wa pili. Soma tena hizo namba mbili halafu ukumbuke ile nusu pointi.

Sasa hoja yangu. Sare za kupangwa zipo tangu babu zetu. Hawa wawili waliadhibiwa kwa sababu hawakuona haja ya kuigiza. Wangecheza ile Berlini ya sare, mpangilio wa hatua za ufunguzi ambao kila mchezaji anaujua, hatua 14, malkia mweupe anacheza e4 na d4, malkia mweusi e6 na d6, wangepata nusu zao na mwamuzi angekunywa chai yake. Kwa hiyo kosa ni nini, sare au kicheko?

Naomba kuwasilisha.


BodaMbale

Nimeweka kambi hapa. Swali la mtu wa ludo: bahasha ilikuwa shilingi ngapi? Maana kama ni ya kununua rolex mbili (chapati za mayai), waacheni vijana.


MwamuziMdogo (Kampala)

Mleta uzi, umeandika vizuri, lakini kuna mahali umepindisha.

Mimi nimesimamia mashindano ya shule na ya vilabu kwa muda sasa, na kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, nazijua. Sare ya makubaliano inaruhusiwa, hilo liko wazi. Lakini ipo pia ile 11.1, inayokataza mchezaji kufanya jambo la kuiaibisha sataranji. Mwamuzi wa Samarkand hakusema sare ni haramu. Alisema mlichofanya pale si mchezo.

Tofauti ya Berlini na ngoma ya farasi si kuigiza. Ile Berlini ni mchezo halisi. Kila hatua ina sababu yake. Mweusi akikosea njia moja anapoteza kipande. Mweupe akiamua kubadili njia, vita inaanza. Mlango uko wazi muda wote, hata kama wote wawili wamekubaliana moyoni kutoupita. Ukimpeleka farasi f3, d4, b3 kabla ya kutoa hata askari mmoja, wakati mpinzani anakuiga, umetangaza mbele ya kamera kwamba hakuna anayetaka kushinda.

Na hesabu yako ya nusu pointi ina tobo. Mashindano yale yalikuwa ya mfumo wa Uswisi. Raundi inayofuata unapangwa na mwenye pointi kama zako. Ukimwongezea Dubov nusu pale, wapinzani wake wote wa baadaye wanabadilika. Angeweza kufika 16, angeweza kuishia 14. Huwezi kuchukua matokeo ya mwisho ukabandika nusu juu yake kama stempu.


KeteSitini

Mkuu Mwamuzi, hiyo ya Uswisi nakupa, ni kweli tupu. Lakini angalia, Dubov mwenyewe alibeba hasara, na bado alimaliza nusu pointi nyuma ya Carlsen. Hata bila hesabu za "kama", ni adhabu iliyouma.

Hiyo ya mlango wazi ndiyo sikubali. Mlango ambao watu wawili wamekubaliana kuufunga ni ukuta. Umeupaka rangi ya mlango, basi.


AskofuMweusi

Mmesahau ya 2021? Machi, mashindano ya mtandaoni ya rapidi yenye jina la Carlsen mwenyewe. Carlsen na Hikaru Nakamura, wote wameshafuzu, mchezo wao hauna faida kwa yeyote. Carlsen anafungua e4, Nakamura e5. Carlsen anamtoa MFALME, e2. Nakamura naye mfalme e7. Mfalme anarudi e1, mwenzake e8. Tena mbele, tena nyuma, mpaka nafasi ikajirudia mara tatu. Sare. Nakamura anacheka mpaka anaegemea kiti.

Watangazaji walicheka nao. Dunia nzima ikaupenda mchezo ule, mpaka leo watoto wanauiga. Nani alipewa sifuri? Hakuna.

Mfalme kutoka nje hatua ya pili si aibu, farasi kuzunguka ndiyo aibu? Nielimisheni.


MwamuziMdogo

Yale yalikuwa mashindano binafsi ya mtandaoni, mkuu, na wote walikuwa wameshapita. Samarkand ni ubingwa wa dunia na kuna watu nyuma yao wanaotafuta hiyo nusu kwa jasho. Waliokuwa wakikimbizana nao juu ya jedwali wana haki ya kuona wapinzani wao wanatoana jasho pia.


BintiTororo

Hapo Mwamuzi umegusa penyewe. Sare ya watu wawili inalipwa na wa tatu. Mimi nimewahi kuwa huyo wa tatu, nikashinda mchezo wangu wa mwisho kwa sekunde nne zilizobaki, mkono unatetemeka, halafu meza ya kwanza wameshapeana mikono zamani wanakunywa soda. Nikawa wa tatu. Hakuna aliyevunja kanuni yoyote siku hiyo.

Kwa hiyo KeteSitini, mimi niko na wewe kwenye nusu ya hoja: unafiki upo. Ila dawa ya unafiki si kuwaachia wanaocheka. Ni kuwabana na wale wanaoigiza.


MzeeWaBombo

Vijana, hamjambo. Mnaongea kama jambo hili limezaliwa na intaneti.

Mwaka 1962, kisiwa cha Curaçao, mashindano ya kumtafuta atakayepambana na bingwa wa dunia. Wasovieti watatu, Petrosian, Keres na Geller, walikutana wao kwa wao michezo 12. Yote 12 sare, na mingi ilikwisha mapema mno, watu wakaenda kuogelea. Wengine walikuwa wakikauka damu kwenye joto lile, wao watatu wanapumzika. Bobby Fischer alipiga kelele dunia ikamsikia, na FIDE wakauacha mfumo ule, wagombea wakawa wanakutana ana kwa ana kwa mechi za kutoana.

Angalieni walichofanya. Hawakuwapa wale watatu sifuri. Walibadilisha utaratibu ili sare ya urafiki isiwe na faida tena. Hiyo ndiyo kazi ya mwandaaji. Ukiweka chakula mezani halafu ukamchapa anayekula, shida ni yako.

Mimi jioni nafundisha watoto hapa Bombo. Ubao tumeuchora kwenye mbao ya mlango wa zamani, na vipande vingine vilivyopotea tumeweka vifuniko vya soda, chekundu kwa mweusi na cha njano kwa mweupe. Mjukuu wangu aliiona ile ngoma ya farasi kwenye simu, akaja kuicheza na mwenzake. Walipofika kama hatua ya sita mmoja akasahau zamu ya kuiga, akamwacha farasi wake mahali anapoliwa. Mwenzake akamla papo hapo. Yule akalia: "Tulikubaliana!" Mwenzake akamjibu: "Mimi nilikubali kucheza."

Nikawaacha waendelee. Aliyemla farasi alishindwa baadaye, lakini hiyo ni habari nyingine.


BodaMbale

Mzee, huyo mjukuu mlete stendi yetu hapa. Tunahitaji mtu wa namna hiyo kwenye ludo.


AskofuMweusi

Wakuu, mnazunguka mbuyu. Kesi kubwa kuliko zote hamjaigusa.

31 Desemba 2024, New York, fainali ya ubingwa huohuo wa dunia wa blitzi. Carlsen dhidi ya nani? Nepo. Yuleyule wa farasi.

Kumbukeni na sarakasi iliyotangulia. Siku chache kabla Carlsen alikuja na jinzi kwenye rapidi, akapigwa faini ya dola 200, akaambiwa kabadilishe, akakataa, akajitoa. Rais wa FIDE Arkady Dvorkovich akalegeza kidogo kanuni za mavazi, jamaa akarudi kucheza blitzi na jinzi yake.

Fainali: Carlsen anashinda miwili ya kwanza. Mbili bila. Nusu tu imebaki achukue taji. Nepo anashinda wa tatu. Nepo anashinda wa nne. Mimi nilikuwa macho hapa Arua, umeme umekatika, simu ina asilimia tisa, nimeegemea benki ya umeme ya jirani. Mbili mbili. Sasa ni kifo cha ghafla: anayeshinda kwanza ndiye bingwa. Wa tano sare. Wa sita sare. Wa saba sare.

Carlsen anamwendea Nepo na kumwambia tugawane. Nepo anakubali. Wanamwona mwamuzi, FIDE wanakubali. Kwa mara ya kwanza mabingwa wawili wa dunia wa blitzi kwa mpigo. Baadaye ikasambaa video Carlsen akimwambia Nepo kwamba FIDE wakikataa, watacheza sare fupifupi mpaka wachoke. Carlsen akasema ulikuwa utani.

Sasa niambieni. Nusu pointi ya raundi ya katikati: sifuri, mmeiaibisha sataranji. Taji zima la dunia: karibuni, gawaneni, hongereni. Nepo huyohuyo, chini ya FIDE ileile, mwaka mmoja tu katikati.


KeteSitini

ASANTE. Hapo ndipo nilipokuwa nikielekea. Umeninyang'anya kipaza sauti lakini sina kinyongo.

Halafu usiku uleule upande wa wanawake, Ju Wenjun na Lei Tingjie nao walikuwa wakikabana koo. Nao sare juu ya sare. Hawakuomba kugawana. Walicheza mpaka Ju akashinda 3.5 kwa 2.5. Kwa hiyo haikuwa kwamba haiwezekani kumaliza.


MwamuziMdogo

Ya New York siitetei. Nilikasirika kuliko mtu yeyote humu. Kanuni ilisema mchezo uendelee hadi apatikane mshindi, na kanuni haibadilishwi ubaoni kwa sababu wachezaji ni maarufu na mwaka mpya unakaribia.

Lakini angalieni mnavyojenga hoja. FIDE walikosea 2024, kwa hiyo walikosea 2023? Hapana. Mimi naona 2023 walikuwa sahihi na 2024 wakalegea. Mtu akipita taa nyekundu Jinja Road na askari akamwacha, haimaanishi yule aliyekamatwa jana alionewa.


KeteSitini

Inamaanisha hivyo kama aliyeachwa ana gari kubwa, mkuu.


BintiTororo

😂😂 Jinja Road kuna taa zinazofanya kazi?

Turudi kwetu. Uganda hatuna grandimasta hata mmoja mpaka sasa. Tuna masta wa kimataifa kama Arthur Ssegwanyi na Elijah Emojong, na wamefika huko kwa kubana. Afrika kusini ya Sahara mtu wa kwanza kupata ugrandimasta alikuwa Mzambia, Amon Simutowe. Phiona Mutesi alitoka Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, akaanza kucheza kwa mwalimu Robert Katende kwa sababu palikuwa na uji. Akaenda Olimpiadi ya sataranji ya Siberia 2010, na baada ya ile ya Istanbul 2012 akapata cheo chake.

Nasema hivi kwa sababu mtoto wa Katwe hana anasa ya sare ya hatua nne. Anapanda matatu mbili kwenda mashindanoni, analipa kiingilio, anapata raundi saba. Ukimfundisha kupeana mikono mapema umemwibia mchezo mmoja kati ya saba. Dubov na Nepo wanacheza mamia ya michezo mikali kwa mwaka, wakichezea mmoja hawapungukiwi. Sisi tunapungukiwa.


KeteSitini

Dada, hili nimelisoma mara mbili. Sikuwa nimelifikiria kwa upande wa idadi ya michezo.

Basi kwa Samarkand msimamo wangu unabaki palepale: sifuri ile ilimpiga aliyesema kweli. Wangepewa onyo, na sheria ikaandikwa wazi kwa ajili ya kesho. Lakini kwa mashindano yetu ya mpakani nataka sare za mapema zife. Swali ni kwa njia gani. Wengine wanasema hakuna sare kabla ya hatua ya 30.


MwamuziMdogo

Hiyo haitoshi. Kule Dubai 2021 waliweka hatua 40. Lakini kanuni hiyo huzuia kuombana sare kwa mdomo tu. Kurudia nafasi mara tatu kunabaki, na huwezi kukuzuia bila kuharibu mchezo, maana kuna anayerudia kwa sababu akifanya kingine mfalme wake anafungwa. Wajanja wanarudia hatua ya kumi na mbili, wanamwita mwamuzi, kwisha. Na kwenye blitzi nani anahesabu hatua? Hakuna anayeandika.

Mashindano ya Bilbao 2008 walijaribu hesabu ya mpira: ushindi pointi 3, sare 1. Hiyo ni rahisi kwetu. Sare inakuwa hasara kwa wote wawili, hakuna haja ya kumshtaki mtu kwa nia yake.


AskofuMweusi

Tatu kwa moja ina ugonjwa wake. Wawili wenye urafiki wanaweza kupeana ushindi: leo mimi, kesho wewe. Tatu tatu badala ya mbili mbili. Umefukuza panya ukaleta nyoka.

Mimi napendekeza Amagedoni kama mashindano ya Norway Chess wanavyofanya tangu 2019. Mkitoka sare, mnacheza mwingine papo hapo: mweupe ana dakika nyingi, mweusi ana chache, lakini ikiwa sare mweusi ameshinda. Hapo hakuna wa kupeana naye mkono.


BodaMbale

Jumapili mnaleta Amagedoni? Mchungaji wangu akisikia hatoniruhusu.


MzeeWaBombo

Huo wa Amagedoni naupenda. Watoto wataulewa haraka. Ila kwenye saa za simu muangalie. Simu nyingine zikipigiwa katikati ya mchezo saa inasimama, na hapo ndipo ugomvi wa kweli unapoanza.


KeteSitini

Mzee, simu zitawekwa hali ya ndege, nitazisimamia mimi mwenyewe.

Tumekubaliana hivi na mwandaaji, nimempigia sasa hivi: meza ya kwanza na ya pili tu, raundi mbili za mwisho. Sare ikitokea, Amagedoni. Mweupe dakika 5, mweusi 4, hakuna sekunde za nyongeza. Vijana wale wawili hawarudishi bahasha, hilo limekwisha, kanuni haikuwepo siku ile. Kiingilio kilekile.


BintiTororo

Mweusi anachaguliwaje? Maana mimi nikipewa mweusi na sare inanitosha, dakika nne ni nyingi sana.


MwamuziMdogo

Kwa mnada. Kila mmoja anaandika kwenye karatasi, kwa siri, dakika ngapi yuko tayari kubaki nazo ili apewe mweusi. Aliyeandika chache anampata. Ukiandika mbili, unacheza na mbili.


BintiTororo

Naandika tatu na nusu. Mniwekee jina.


BodaMbale

Naandika moja. Na mimi nichezeshwe, najua farasi anavyotembea.